Kulifufua Lori la Jeshi: Hesabu Inayoanza Baada ya Kununua

Lori la ziada la jeshi ni gari ambalo jeshi limeliondoa kazini, ama kwa sababu vita imekwisha, ama kwa sababu aina mpya imechukua nafasi yake, kisha likauzwa kwa raia kwa bei iliyo chini sana ya ile ya lori jipya. Katika mkoa wa Katavi, ambako robota la tumbaku na gunia la mpunga hutoka vijijini kwa njia zenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, ni rahisi kuona kwa nini gari lenye chesisi nene na nguvu katika magurudumu yote humvutia mnunuzi. Hata hivyo, bei anayolipa siku ya kununua ni sehemu ndogo ya gharama, kwani lori hilo likifikishwa katika gereji ya mtaani, tuseme katika kata ya Kawajense ndani ya Manispaa ya Mpanda, ndipo hesabu yenyewe huanza: hesabu ya vipuri, ya muda na ya ujuzi.

Historia ya Tanganyika inalo somo kubwa kuhusu hesabu hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, dunia ilibaki na magari ya kijeshi yasiyo na kazi. Lori la GMC CCKW la Marekani peke yake lilikuwa limetengenezwa kwa idadi inayozidi 500,000, na Uingereza nayo ilikuwa na makumi ya maelfu ya malori ya Bedford QL. Askari wa Afrika Mashariki waliotumikia vita hiyo walirejea makwao, na baadhi yao walikuwa wamejifunza udereva na umakanika jeshini. Serikali ya Uingereza ilipoamua kulima karanga kwa eneo kubwa huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, mitambo mipya haikupatikana kwa wingi, hivyo mradi ukategemea pia matrekta yaliyotumika, yakiwemo yaliyoachwa na jeshi la Marekani nchini Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo iliunda matrekta yaliyoitwa Shervick kwa kutumia sehemu za vifaru vya Sherman. Nyingi kati ya mashine hizo kuukuu ziliharibika mapema, huku karakana na vipuri vikiwa havitoshi, na udongo wa Kongwa ukikauka hadi kuwa mgumu kama saruji. Mashine hazikuwa chanzo pekee cha anguko la mradi, lakini zilichangia, na mradi ulipoachwa mwaka 1951 hasara ilikuwa takribani pauni milioni 36.

Somo hilo haliko mbali na Mpanda. Kaliua, stesheni iliyo magharibi ya Urambo, ndipo reli ya kwenda Mpanda inapochepuka, na tawi hilo la kilomita zipatazo 210 lilijengwa miaka hiyohiyo ya baada ya vita ili kusafirisha madini ya risasi kutoka mgodi wa Mukwamba. Kwa miaka mingi mji huo uliishi kwa treni na kwa malori yaliyopita katika barabara za udongo, na kipuri kisichopatikana mjini kilipaswa kuagizwa kutoka mbali. Umbali huo ndio unaofanya uchaguzi wa gari kuwa suala la akili zaidi kuliko la bei.

Sifa kubwa ya malori ya jeshi ya zamani ni kwamba yalibuniwa yatengenezwe porini, na fundi mwenye spana, jeki na taa. Injini yake haina kompyuta. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imeunganishwa kwa ribiti na bolti zinazoonekana. Na nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, kisha kwenye sanduku la pili ambalo mafundi huliita transfa, linaloigawa kwa difu ya mbele na ya nyuma. Difu ni mkusanyiko wa meno ya chuma katikati ya ekseli unaoruhusu gurudumu la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Sehemu hizi zote hufunguka, hupimika na hurekebishika, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu magari mengi ya leo.

Kinachoyaua magari haya mara nyingi ni kusimama muda mrefu, si wingi wa safari. Petroli iliyolala tangini hugeuka utomvu unaoziba kabureta, maji yaliyoingia difuni wakati wa kuvuka mito hula bearingi, mipira ya breki hukauka na kupasuka, na panya hutafuna nyaya. Kwa hiyo fundi mwenye busara haanzi kwa kuwasha gari. Injini iliyokwama hutolewa plagi, ikamiminiwa oili nyepesi katika kila silinda, ikaachwa siku kadhaa, ndipo ikazungushwa taratibu kwa hendeli; anayeilazimisha kwa stata anaweza kuvunja ringi za pistoni ambazo zingeweza kuokolewa. Hata betri huhitaji kuulizwa kwanza, kwa kuwa GMC ya wakati wa vita ilitumia umeme wa volti 6, ilhali magari mengi ya kijeshi ya baadaye hutumia volti 24.

Mafuta nayo yamebadilika. Injini nyingi za petroli za enzi hizo zilitegemea petroli yenye risasi, ambayo pamoja na kazi nyingine ililinda viti vya valvu, yaani kingo ambazo valvu hufungia juu yake, visichakae. Petroli hiyo iliondolewa kwa sababu ya madhara yake kwa afya, hasa ya watoto, na mwaka 2021 nchi ya mwisho duniani iliacha kuiuza kwa magari. Kwa hiyo silinda hedi inaposhushwa, ni vyema viti vya valvu vikaguliwe, na pale inapobidi viwekwe vya chuma kigumu zaidi.

Hatari mbili zinastahili tahadhari ya pekee. Ya kwanza ni rimu za vipande viwili zilizofungwa kwa bolti, ambazo jeshi la Uingereza lilizitumia sana, likazipaka nati zake rangi nyekundu kama onyo. Anayelegeza nati hizo kabla ya kutoa upepo wote anaweza kuuawa na kipande cha rimu kinachoruka. Ya pili ni vumbi la breki za zamani, ambalo lina asbesto, nyuzi za madini zinazosababisha saratani ya mapafu, hivyo halipulizwi kwa kompresa bali hulowanishwa na kufutwa.

Inafaa pia kutofautisha ukarabati na urejeshaji. Ukarabati hulifanya gari lifanye kazi, na kwa ajili hiyo fundi anaweza kuweka injini ya dizeli ya aina nyingine ambayo vipuri vyake vinapatikana dukani. Urejeshaji hulirudisha gari katika hali yake ya asili, hadi kwenye kibao cha chuma kilichoandikwa uzito na mwendo wa kila gia. Kazi zote mbili ni halali, lakini mwenye gari anapaswa kuamua mapema, na ahakikishe hati za umiliki ziko sawa, kwa kuwa gari lisilosajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania haliwezi kuingia barabarani kihalali hata likiwa zima kabisa.

Tanzania yenyewe ilitafuta jibu la kina zaidi ilipoanzisha mwaka 1985 Kituo cha Teknolojia ya Magari, maarufu kama Nyumbu, huko Kibaha, chini ya wizara ya ulinzi, ili ujuzi wa kuunda magari na vipuri uwe wa nyumbani. Fikra hiyo inafaa hata kwa gereji ndogo yenye mashine ya kukerezea vyuma na daftari la kuandika kila kipimo na kila kipuri kilichobadilishwa. Kongwa ilipokea mashine kwanza, kisha ikahangaika kutafuta karakana; gereji ya Kawajense inaweza kupanga kinyume chake, ikahakikisha fundi, vipimo na vipuri kabla lori halijavutwa kuingia uani.