Adui wa Uwanja ni Maji

Katika miji iliyo kando ya Ziwa Victoria, kama Entebbe na Jinja, joto na unyevu huandamana karibu mwaka mzima. Tunawaasa askari wanaokusudia kujenga uwanja wa mpira wa wavu nyuma ya nyumba zao watambue kwamba adui wao wa kwanza ni maji.

Uwanja huo huwa mita 18 kwa 9, na kila upande huachwa nafasi ya mita 3. Udongo wa juu uondolewe, changarawe ishindiliwe, na mfereji uchimbwe. Zege limwagwe alfajiri, likiinamia upande mmoja kwa nusu sentimita kila mita. Kabla halijagumu lipitishiwe ufagio ili liwe na mikwaruzo, kwani sakafu laini ikiota kuvu huteleza kama sabuni. Kisha lifunikwe magunia yaliyolowa kwa siku 7, maana zege likaushwalo upesi na jua hupasuka.

Haya si mambo madogo. Askari ateguliwaye mguu mchezoni huacha pengo katika lindo, nalo huzibwa na mwenzake aliyekwisha kuchoka.