Mapacha na Suala la Urithikaji wa Akili

1.0 Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili zinakinzana: "Mtoto wa nyoka ni nyoka" na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ya kwanza huelemea upande wa damu, ya pili upande wa malezi. Tangu Francis Galton alipochapisha uchunguzi wake juu ya mapacha mwaka 1875, wataalamu wamejaribu kupima uzito wa kila upande. Makala haya yanaeleza upimaji huo na kubainisha kosa linalojitokeza mara nyingi katika kuufasiri.

2.0 Mbinu na Matokeo

Mapacha wa yai moja hushiriki takriban jeni zao zote. Wa mayai mawili hushiriki, kwa wastani, nusu ya jeni zinazowatofautisha watu. Iwapo wa yai moja wanakaribiana zaidi katika alama za majaribio ya akili, ziada hiyo huhusishwa na urithi, kwa sharti kwamba mazingira ya makundi yote mawili yanalingana.

Njia nyingine ni kuchunguza mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali. Mwaka 1966 Cyril Burt wa Uingereza alidai kupata jozi 53 za namna hiyo. Mwaka 1974 Leon Kamin alionyesha kwamba uwiano alioutoa Burt ulibaki 0.771 hata idadi ya jozi ilipoongezeka, jambo lisiloelekea kutokea. Data hizo zikapoteza itibari. Hata hivyo, Thomas Bouchard na wenzake wa Minnesota, Marekani, walikadiria mwaka 1990 kuwa asilimia 70 hivi ya tofauti za alama inahusiana na tofauti za jeni.

3.0 Tafsiri

Asilimia hiyo si sehemu ya akili ambayo mtu mmoja amerithi. Ni kipimo cha tofauti baina ya watu wa jamii fulani katika mazingira fulani. Richard Lewontin alifafanua mwaka 1970 kwa mfano wa mbegu: mbegu mchanganyiko zikipandwa katika udongo wenye rutuba sawa, tofauti za urefu wa mimea hutokana na mbegu, zikipandwa pia katika udongo duni, tofauti baina ya mashamba mawili hutokana na udongo. Aidha, mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake waligundua kwamba miongoni mwa watoto wa familia maskini za Marekani mchango wa jeni ulikaribia sifuri, ilhali katika familia zenye uwezo ulikuwa mkubwa.

4.0 Hitimisho

Hivyo basi, methali zote mbili zina ukweli wake. Lakini takwimu ya urithikaji haimpi mwalimu idhini ya kumkatia tamaa mwanafunzi yeyote, kwani haisemi lolote juu ya kile ambacho udongo bora ungeweza kuotesha.