Kadi Yenu ya Harusi: Moja au Saba?

Hebu chukua kadi ya mchango uliyoletewa ofisini mwezi huu. Majina ya maharusi yamejikunjakunja kama mzabibu, si ndiyo? Yanapendeza. Sasa jaribu kusoma namba ya simu.

Sisi yalitukuta Lushoto, kwao na mwenzangu. Tulichapisha kadi 200 kwenye steshenari moja pale mjini, mwandiko nimeuchagua mwenyewe kwa mbwembwe zote, na mhariri mzima! Namba 1 ikatoka kama 7. Wengi walishtuka kuona jina geni kabla ya kutuma pesa, lakini wapo waliotuma. Tukanuniana wiki nzima. Harusi ilibaki kidogo tu ife.

Aliyetuokoa ni baba mkwe, karani mstaafu. Alitoa hati ya shamba iliyopigwa taipureta miaka mingi iliyopita, karatasi imekuwa ya njano, maandishi bado yanasomeka. "Mwanangu, iangalie hii moja," akasema. "Imevaa viatu."

Herufi hizi zenye miguu minene, bapa, zilianzia London mwanzoni mwa miaka ya 1800, zikatumika sana kwenye mabango. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele ukutani. Mwaka 1845 Robert Besley akatoa ya kwake, Clarendon, iliyopoa kidogo. Taipureta ilizipenda kwa sababu nyingine kabisa: pale kila herufi hupewa nafasi sawa, kwa hiyo i nyembamba ilihitaji miguu mipana, isije ikaonekana yatima jirani na m. Ndipo Howard Kettler akaichorea IBM ile Courier, miaka ya 1950. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliandikia Courier New hadi 2004, usiicheke!

Mimi niliicheka. Kwenye kadi ilionekana kama barua ya kuitwa mahakamani. Tukajaribu Rockwell, ya mwaka 1934, ambayo huja na programu za ofisi kwenye kompyuta nyingi. Ina miguu ileile ila imeoga na kunyoa. Majina tukayaacha yajikunje, maana mama hakutaka kusikia vingine. Tarehe, ukumbi na namba za simu zikavaa viatu.

Kadi moja ya zile za kwanza iko kwenye droo hadi leo. Mume wangu akiona anashindwa ubishi, huenda kuitoa.