ZEBAKI USIIWEKE UVUNGUNI

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya na kwingineko wanaijua sana zebaki. Ndiyo inayokamata chembe za dhahabu kwenye mchanga uliosagwa. Ni metali kama chuma au risasi, ila yenyewe ni majimaji, inang'aa kama fedha. Wengine huitia kwenye chupa ya soda au kimfuko cha nailoni, jioni wanaisukuma uvunguni mwa kitanda. Hapo ndipo penye hatari.

Kwanza fikiria uzito wake. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita moja ya zebaki ina kilo 13 na nusu! Ukijaza zebaki ile chupa ndogo ya soda ya mililita 300, umebeba kilo 4. Ikikuponyoka, imekwisha. Ndiyo maana wafanyabiashara wakubwa huisafirisha katika chupa nene za chuma zenye kifuniko cha kukaza. Chupa moja huchukua kilo 34 na nusu. Wewe usiye nayo, tumia chupa ya plastiki nene na ngumu. Tia kidogo, funga barabara, kisha isimamishe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ikivuja, ndoo itaidaka.

Je, sufuria inafaa? Hata kidogo. Zebaki hula alumini. Sufuria itatoa unga mweupe, mwisho itatoboka. Ndege nazo zimeundwa kwa alumini nyingi, kwa hiyo abiria hakubaliwi kupanda na zebaki mzigoni. Hata kwenye basi usiipakate katikati ya watu.

Jambo la pili ni mvuke. Zebaki hutoa mvuke hata bila kuchomwa, na joto la mabati huuzidisha. Hauonekani, haunuki. Waliolala chumbani wanauvuta usiku kucha. Mvuke huo huharibu ubongo na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu akianza kutetemeka mikono, jirani husema ni gongo tu, kumbe siyo.

Basi iweke nje ya nyumba ya kulala, katika kibanda chenye kufuli, mahali pa baridi, chini sakafuni. Mimina maji kidogo juu ya zebaki ili kupunguza mvuke. Kisha andika kwenye ndoo kwa herufi kubwa: ZEBAKI – SUMU. Kalamu unayo, ndugu yangu, itumie.

Wala usiimwage mtoni. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga uchafu wenye zebaki baharini. Samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa uligunduliwa mwaka 1956. Wengi walikufa, na watoto wakazaliwa na ulemavu.

Ikimwagika nyumbani, watoe watoto na fungua milango. Usifagie! Ufagio huipasua vipande vidogo vidogo vinavyoingia kwenye nyufa. Chukua karatasi ngumu, sukuma matone yaungane, yazoe, uyarudishe kwenye chupa.