Pampu ya Zimamoto Iwe ya Mwisho Kukosa Umeme

Moto ukizuka ghorofani, iwe Kariakoo au Samora, miongoni mwa mambo ya kwanza kufanyika ni kukata umeme wa jengo. Ni uamuzi sahihi, maana maji na nyaya zenye umeme ni hatari kwa askari wa zimamoto. Lakini katika jengo la zamani si ajabu kukuta swichi kuu inayozima taa, lifti na viyoyozi ndiyo hiyo hiyo inayolisha pampu ya zimamoto. Ikishushwa, pampu nayo inazimika, na mpira wa maji wa ghorofa ya kumi unabaki mtupu.

Maji hayapandi ghorofani yenyewe. Kila mita 10 za kwenda juu zinakula takriban bar 1 ya presha. Jengo la mita 36 linahitaji zaidi ya bar 3 na nusu kuyafikisha juu tu, na bado yanatakiwa kutoka kwa nguvu ya kuufikia moto. Kazi hiyo ni ya pampu, na pampu nyingi zinaendeshwa kwa mota ya umeme.

Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Dar es Salaam ina majengo mengi ya rika hilo ambayo bado yanatumika kila siku. Matumizi yake yamebadilika: palipokuwa na ofisi chache sasa pana fremu, stoo na viyoyozi, na kila mpangaji aliyeingia ameongezewa waya kutoka kwenye paneli ile ile. Pampu inagombania umeme na wote hao.

Fungua paneli ya aina hiyo uitazame. Unyevu na chumvi ya pwani vimekula viunganishi, na penye kutu hapapitishi umeme vizuri, panapata joto. Fyuzi ziko tatu, moja kwa kila fezi. Ikikatika moja, mota inabaki na fezi mbili: ikiwashwa inanguruma bila kuzunguka, kisha ovalodi inaikata au koili zinaungua. Chini yake kuna kontakta. Volti zikishuka sana mota inapowaka, kontakta inaanza kugongagonga, inashika na kuachia, mpaka inaharibika.

Kushuka huko kwa volti kunatokana na mahitaji ya mota yenyewe. Mota ya kilowati 30 kwenye volti 400 hutumia kama ampea 55 ikiwa kazini, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita hivi, yaani zaidi ya ampea 300 kwa sekunde chache. Kanuni ya Marekani, NFPA 20, hairuhusu volti kwenye paneli ya pampu kushuka kwa zaidi ya asilimia 15 wakati huo. Kebo nyembamba iliyozeeka haiwezi kutimiza sharti hilo.

Kwa hiyo kubadilisha kasha la paneli na kuweka jipya hakutoshi. Njia ya pampu ichukuliwe kabla ya swichi kuu ya jengo, kwa utaratibu uliokubaliwa na TANESCO. Kebo yake iwe ya kuhimili moto na isipite kwenye stoo za mizigo. Paneli isikae mahali panapojaa maji masika. Na kinga yake iwe tofauti na ya mota za kawaida: ikate shoti, isikate kwa sababu mota imezidiwa. Mota ya kiwandani tunailinda isiungue. Ya zimamoto, afadhali iungue ikisukuma maji kuliko ipone huku watu wamekwama juu.

Jenereta nayo iunganishwe ili pampu ihudumiwe kabla ya viyoyozi. Na kama umeme wa maeneo ya pamoja unapita kwenye LUKU, fuatilia pampu iko upande gani wa mita. Uniti zikiisha saa nane usiku, jengo litakuwa na pampu nzima isiyowaka.

Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liarifiwe mapema. Paneli mpya ijengwe na kupimwa pembeni kabla ya ile ya zamani kuguswa, ili muda wa kukosa pampu uwe wa saa chache. Katika saa hizo iwepo pampu ya dizeli ya muda, na walinzi wazunguke kila ghorofa. Mwisho, swichi ya pampu ibandikwe onyo kubwa la Kiswahili: USIZIME WAKATI WA MOTO.

Mmiliki akishakabidhiwa kazi, asiridhike na rangi mpya ya kasha. Siku wapangaji wameshataarifiwa na lifti ziko tupu, fundi ashushe swichi kuu ya jengo, kisha afungue mpira wa maji wa ghorofa ya juu kabisa. Pampu ikiwaka na presha ikasimama, kazi imekamilika. Isipowaka, malipo ya mwisho yasubiri. Mpangaji naye, anayelipa kodi ya fremu kila mwezi, ana haki ya kumuuliza msimamizi jaribio hilo lilifanyika lini.