Safari ya Kwanza Baharini: Si Kila Kutapika ni Mawimbi

Msowero iko mbali na bahari. Wakazi wengi wa eneo hili la Wilaya ya Kilosa ni wakulima, na maji wanayoyajua ni ya mito na mafuriko. Hata hivyo, safari ya Unguja siku hizi haipo mbali tena. Msafiri hupitia Dumila hadi Morogoro, akapanda basi au treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, akafika Dar es Salaam na kuvuka kwa boti ya kasi kwa takriban saa mbili. Wapo wanaokwenda harusini, wapo wanaokwenda kupumzika. Kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kukanyaga chombo cha baharini, na kila kinachowapata njiani hupewa sababu moja tu: bahari. Sababu hiyo huficha nyingine, na baadhi yake huua.

Kulewa bahari

Sehemu ya ndani ya sikio huhisi mwendo wa chombo, ilhali macho yanayotazama kiti au simu huuambia ubongo kwamba mwili umetulia. Mgongano huo wa taarifa ndio unaoleta kizunguzungu, jasho la baridi, kichefuchefu na kutapika. Hali hupungua msafiri akikaa sehemu ya katikati ya chombo, akipata hewa, akiweka simu kando na kutazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Mlo mwepesi hufaa kuliko tumbo tupu au lililoshiba. Katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huwa mkali na chombo huyumba zaidi.

Vidonge vya kuzuia hali hii humezwa saa moja au mbili kabla ya kuondoka, kwa sababu mtu akishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Vingi huleta usingizi. Havichanganywi na pombe, na aliyevitumia asiendeshe pikipiki akishashuka. Promethazini hapewi mtoto aliye chini ya miaka 2. Mjamzito, mwenye shinikizo la jicho na mwenye tatizo la tezi dume wamwone mtoa huduma kwanza.

Mfuko wa dawa

Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asiziache nyumbani kwa kuwa safari ni fupi. Achukue dawa za kutosha siku zote pamoja na akiba ya siku kadhaa, iwapo safari itaahirishwa. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaokabidhiwa bandarini, na kadi ya kliniki iwe pamoja nazo. Insulini ikingwe na jua na joto, wala isigandishwe.

Kutapika kunapoanza, mwenye kisukari yumo hatarini zaidi kuliko abiria wengine. Anayedunga insulini asiiache kabisa kwa kudhani kwamba asipokula haihitajiki; apime sukari mara kwa mara. Baadhi ya vidonge vya kisukari hushusha sukari mno kwa mtu asiyekula. Utaratibu wa siku kama hiyo uulizwe kituoni kabla ya safari.

Usalama chomboni

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe. Mamia ya watu walipoteza maisha katika ajali hizo mbili. Abiria anaweza kujilinda: anapopanda, atambue mahali jaketi okozi zilipo, ajifunze kulifunga na aulize la mtoto kwa kipimo chake. Akiona chombo kimejaa kupita kiasi, asipande. Nauli iliyopotea hulipika.

Baada ya kushuka

Kulewa bahari hakuleti homa, na kwa kawaida huisha muda mfupi baada ya kufika nchi kavu. Homa, kuharisha damu, kuchanganyikiwa au kutapika kusikokoma ni dalili za jambo jingine. Wakati wa kusubiri huduma, anayeharisha au kutapika anywe maji yenye dawa ya chumvichumvi na sukari kidogo kidogo. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita 1 ya maji safi.

Hapa ndipo malaria hujificha. Dalili zake kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Kwa hiyo msafiri anayepata homa siku ya pili Unguja huenda aliambukizwa Msowero. Visiwani malaria ni chache kuliko Kilosa, na mgonjwa asipotaja atokako, inaweza kusahauliwa. Msafiri aseme wazi alikotoka na siku aliyoondoka. Naye mhudumu wa afya, wa Unguja au wa Kilosa, kabla ya kuandika "uchovu wa safari," aulize swali hilo na afanye kipimo cha haraka cha malaria. Majibu hupatikana ndani ya nusu saa.