Namna ya kutengeneza reli ya kamera kwa mabomba ya maji

- Mabomba mawili ya plastiki, ubao na magurudumu ya mtumba vinatosha kuipa kamera mwendo uliotulia.
- Kwenye ardhi ya mawe kama ya Mwanza, usawa wa reli ni muhimu kuliko bei ya vifaa.
- Usisahau vizuizi vya mwisho wa reli. Ndivyo vinavyookoa kamera.

Mwanza. Maharusi wanatembea taratibu ufukweni, nyuma yao jua linazama karibu na Jiwe la Bismarck. Mpiga video anarudi kinyumenyume, kamera mkononi. Mandhari safi kabisa. Lakini faili likifunguliwa kwenye kompyuta, kila hatua aliyopiga inaonekana. Picha inaruka kana kwamba imepigwa juu ya bodaboda.

Kwa kijana anayeishi kwa kushuti harusi, send-off na video za muziki, hilo si tatizo dogo. Tukio halirudiwi. Mteja akiona picha inatikisika, salio la malipo linageuka mjadala na kazi inayofuata anapewa mwingine.

Wengi hukimbilia gimbali. Kifaa hicho huzuia kamera isiyumbe wala kuinama, lakini hakimalizi mruko wa hatua za anayetembea. Ndiyo maana watengeneza filamu bado wanatumia doli, yaani kigari cha kamera kinachotembea juu ya reli.

Si lazima iwe ya dukani

Kigari cha kamera kilipata umaarufu kupitia filamu ya Italia, *Cabiria*, ya mwaka 1914. Miongo kadhaa baadaye, Jean-Luc Godard wa Ufaransa alimkalisha mpiga picha wake kwenye kiti cha magurudumu na kumsukuma, wakati wa kutengeneza *À bout de souffle* iliyotoka mwaka 1960.

Karibu na nyumbani, ng'ambo ya ziwa huko Kampala, studio ya Wakaliwood iliyotengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 imejulikana duniani kwa kutumia vifaa vilivyoundwa na mafundi wake kwa vyuma chakavu.

Unahitaji nini?

Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukiwa na orodha hii:

- Mabomba 2 ya plastiki ya inchi moja na nusu, yenye urefu wa mita 6 kila moja. Chagua magumu, yasiyobonyea.
- Plaiwudi nene, kama sentimita 70 kwa 80. Omba kipande kilichobaki kwa fundi seremala.
- Mbao 7 fupi za mbili kwa nne, urefu wa sentimita 80, za kulalia reli.
- Vipande 4 vya chuma cha engo.
- Bolti 8 za milimita 8, zile mafundi wanaita namba 13 kwa sababu ya spana yake, pamoja na nati na washa.

Magurudumu yatafute kwenye mitumba. Jozi moja ya viatu vya magurudumu, vile vya mstari mmoja, kwa kawaida hutoa magurudumu 8 na beringi zake. Beringi zenye tundu la milimita 8 zinaingiana na bolti hizo moja kwa moja.

Hatua kwa hatua

Kwanza, kigari. Kila kipande cha engo kibebe magurudumu mawili yaliyokaa kwa umbo la herufi V, ili yakumbatie bomba kutoka juu kulia na juu kushoto. Mwambie fundi wa kuchomelea aunganishe kila engo na bamba lenye matundu, kisha ufunge bamba moja kwenye kila kona chini ya ubao. Kabla ya kukaza, weka kigari juu ya mabomba uhakikishe magurudumu yote manane yanagusa.

Pili, reli. Bomba la mita 6 halibebeki kwenye bajaji, hivyo likate. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kukata pande zote sawa. Bomba la kwanza likate vipande vya mita 2, 2 na 2. La pili likate mita 1, 2, 2 na 1. Kwa njia hiyo viungo havitakutana na kigari hakitaruka magurudumu ya pande zote kwa pamoja. Ndani ya kila kiungo ingiza kipande cha mti kinachobana, na kingo za bomba zipige msasa.

Tatu, mbao za kulalia. Zichonge mikato miwili inayolingana kwa umbali, mabomba yakae humo. Panga ubao mmoja kila mita 1, ili kila kiungo kiwe na ubao chini yake.

Mawe, mchanga na jua

Jiji la mawe halina tambarare nyingi. Beba pimamaji na kabari za mbao. Anza kupima sehemu ya juu kabisa ya eneo, kisha inua zile za chini kwa kabari. Reli iliyoinama itafanya kigari kitembee chenyewe, na ukiwa ufukweni huenda kikaelekea ziwani.

Kwenye mwalo kama wa Kirumba, adui ni mchanga. Futa mabomba kwa kitambaa kikavu kila baada ya shoti chache. Kwenye ukumbi wenye marumaru, bandika vipande vya tyubu ya baiskeli chini ya mbao zisiteleze. Ukimaliza kazi, laza mabomba kivulini, maana jua kali huyapinda.

Siku ya kushuti

Funga miguu ya tripodi kwenye ubao kwa mikanda, kisha weka mfuko wa mchanga ili uzito utulize mtikisiko. Misumari au vipande vya mbao mwisho wa reli ni lazima. Pia usimpandishe mtu. Anayetaka kukaa kwenye kigari atumie mabomba ya chuma.

Sukuma polepole, na weka kitu karibu na lenzi, kama mtumbwi, wavu au jiwe. Bila kitu cha karibu kinachopita mbele ya kamera, mtazamaji hatauhisi mwendo vizuri. Kama ni filamu, ulizia mapema kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania.

Kabla ya kupandisha kamera, weka bakuli lililojaa maji juu ya kigari na ulisukume hadi mwisho. Maji yakimwagika, rudi kwenye viungo na pimamaji. Yakitulia, mpandishe mteja presha ya furaha, siyo ya hasira.